Mtandio wa Wanaokwenda Chuo

Katika kanisa letu la Wamarekani weusi kuna Jumapili moja ya mwezi wa sita ambayo watu huja mapema kuliko hata siku ya Pasaka. Ni Jumapili ya wahitimu. Vijana waliomaliza sekondari huitwa mbele mmoja mmoja, na kila mmoja hutajwa jina lake, wazazi wake, na mahali anapokwenda. Anayekwenda chuo huvishwa mabegani mtandio wa kente, kitambaa cha rangi nyingi cha Afrika Magharibi. Anayekwenda jeshini au kazini, au asiyejua aendako, hupewa Biblia na kushikwa mkono.

Kanuni hiyo aliitunga mama yangu, Odessa Gaines, mwenyekiti wa kamati ya elimu, na mitandio yote huishona mwenyewe. Sijawahi kumsikia mtu akiilalamikia kwa sauti. Waliopewa Biblia hukaa meza za nyuma wakati wa chakula, ingawa hakuna anayewapanga huko.

Kila anapomvisha mtu mtandio, mama husema maneno yaleyale: "Mlango huu walifungiwa wazee wako. Ingia." Na kanisa zima huitikia, "Ingia!"

Mwaka huu zamu ilikuwa ya Ketura, binti wa kaka yangu Lamont. Kaka alipofariki, wazazi wangu walimchukua Ketura wakamlea. Ana kichwa cha hesabu. Alipokuwa mdogo wenzake, weusi kama yeye, walimwita Mzungu kwa sababu alinyoosha mkono mara nyingi mno darasani. Alipohamia shule ya ng'ambo ya mto, mwalimu mweupe alimwuliza kama hakukosea chumba. Siyasemi haya ili aonewe huruma. Mimi ni mkemia katika maabara ya maji ya mji, nina shahada mbili, na majuzi mgeni mmoja aliniomba nimwonyeshe bosi alipo na, nikiwa naelekea huko, nimwondolee kikombe chake. Ndivyo mambo yalivyo. Mtu hupanga maisha yake akiyajua hayo.

Jumamosi, siku moja kabla ya ibada, tulikuwa jikoni kwa wazazi. Mimi nilimenya viazi vya saladi. Baba, Alonzo, alikaa mezani na redio yake ndogo, akisikiliza mpira wa besiboli kwa sauti ya chini. Mama alimkalisha Ketura karibu na jiko akawa anamnyoosha nywele kwa kitana cha moto. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha.

"Bibi," Ketura akasema, "kesho usisome jina la chuo."

"Tulia, nitakuunguza sikio."

"Nimewaandikia. Nafasi yao nimeikataa."

Kitana kilisimama hewani. Mama hakupiga kelele. Alikirudisha juu ya jiko, akazima moto, akafuta mikono kwa aproni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mafundi mabomba. Nimepita mtihani wa chama chao. Uanagenzi wa miaka mitano, mchana kazini, jioni darasani. Naanza Jumatatu ya wiki ijayo."

"Mabomba."

"Ya mvuke, Bibi. Ya hospitali, ya viwandani. Siyo—"

"Mvuke naujua. Nimepika katika jiko la shule ya watu mpaka magoti yakaisha. Sikuinama juu ya masufuria yale ili wewe ukainame chini ya sinki la mtu."

"Hakuna sinki. Nimekwambia ni mvuke."

"Usinifundishe!"

Baba alipunguza redio. "Odessa, mmalizie nywele kwanza. Upande mmoja umelala, mwingine umesimama. Mtoto ana kichwa cha nchi mbili."

Hakuna aliyecheka, ingawa mimi nilikaribia.

"Kwa nini?" mama akauliza, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kujua.

Ketura alifikiri kabla ya kujibu. "Chuoni nilikwenda siku ya kutembelea. Nikawauliza nitatoka pale nikijua kufanya nini. Wakaniambia nitakuja kujigundua. Bibi, mimi sijapotea. Halafu hawa mafundi wakatuingiza chumba cha mitambo cha hospitali. Kuna bomba nene kama kiuno changu, limeungwa, na ukipitisha kidole huwezi kuhisi palipoungwa. Nikataka kujua wamefanyaje. Tangu siku hiyo sijataka kitu kingine."

"Na walikupokeaje hao?"

"Mmoja aliniuliza kama mimi ndiye niliyewaletea chakula cha mchana."

"Umeona!"

"Shangazi ana shahada mbili na anabebeshwa vikombe."

"Sikukibeba," nikasema.

"Lakini uliombwa."

Ilikuwa kweli, kwa hiyo nilirudi kwenye viazi vyangu.

Baba akazima redio kabisa. "Ni ukumbi uleule, Odessa. Ule wa karibu na reli."

Hadithi hiyo tuliijua wote, ila baba huisimulia kwa nadra. Alipotoka jeshini, ambako alikuwa akitengeneza mitambo ya kupashia joto, alivaa suti yake ya kanisani akaenda ukumbi wa chama cha mafundi mabomba kuomba uanagenzi. Mtu wa mapokezi alimwuliza kama baba yake ni mwanachama. Babu yangu wakati huo alikuwa Alabama, akilima pamba kwenye shamba la mtu mwingine. Baba akaambiwa basi, asante kwa kuja. Akaingia kiwanda cha vioo kama mfagiaji, na alipostaafu alikuwa mfagiaji mkuu.

"Ndiyo maana!" mama akasema. "Ndiyo maana nasema chuo. Kazi ile mlango ni wao. Wakitaka wanafungua, wakitaka wanafunga, na wewe unabaki barazani na suti yako. Shahada ni yako. Wakikufukuza, unaondoka nayo."

Hoja yake ilikuwa nzuri. Mimi mwenyewe niliishi kwa hoja hiyo, na haikuniangusha.

"Mtandio wako umeshashonwa," mama akaongeza. "Jina lako, na chini yake jina la chuo."

"Najua, Bibi. Nitapokea Biblia."

"Naam. Utapokea Biblia."

Akawasha jiko, akakitia kitana motoni, akamalizia upande wa kulia. Hakuna mjukuu wake ambaye angeingia kanisani na kichwa cha nchi mbili.

Jumapili, mama alisimama mbele akiwa na kofia yake ya zambarau na karatasi mkononi. Kwenye meza ndogo kando yake kulikuwa na mitandio iliyokunjwa na Biblia chache. Nilikaa safu ya nne, mahali ninapoona vizuri.

Alianza na Marquel, mtoto wa Shemasi Tolliver. Anakwenda chuo kikuu cha jimbo kusomea biashara. Mtandio. Mlango huu walifungiwa wazee wako, ingia. "Ingia!" Shemasi Tolliver aliitikia kwa nguvu kuliko wote. Akafuata kijana anayekwenda jeshi la majini, akapata Biblia na makofi ya adabu. Kisha Simone, chuo cha uuguzi, mtandio, "Ingia!" na mama yake akalia, jambo ambalo tulilitarajia.

"Ketura Gaines," mama akasoma. "Binti wa marehemu Lamont Gaines. Anakwenda..." Akaishusha karatasi. "Sema mwenyewe."

Ketura alikiinamia kipaza sauti, maana ni mrefu. "Nakwenda kuwa mwanagenzi wa mafundi wa mabomba ya mvuke. Miaka mitano."

Kanisa letu halina mazoea ya kunyamaza. Mtu akipiga chafya tunasema amina. Siku ile palikuwa na kimya cha kweli, cha watu wasiojua waitikie nini. Jina la Gaines na neno bomba havikuwahi kukaa katika sentensi moja.

Kisha sauti ikatoka kwenye kwaya. Ilikuwa ya Mama Boone, ambaye hajawahi kuacha kimya kipite salama. "Mwanangu, bomba langu la jikoni linavuja tangu Pasaka!"

Watu wakaangua kicheko.

"Siyo mabomba hayo, Mama Boone," Ketura akasema.

"Basi tumekusomesha ya nini?"

Kicheko kikazidi. Hata mchungaji alijificha nyuma ya kitambaa chake. Ketura alicheka pia, kidogo, na nikaona mkono wake ukishika upindo wa gauni. Kwa siku kadhaa alikuwa amejiandaa kupokea Biblia. Kuchekwa hakukuwa kwenye maandalizi hayo.

Mama hakucheka. Alichukua Biblia mezani, akaishika kwa mikono miwili, akamgeukia mjukuu wake. Nadhani ulimi wake ulikwenda kwa mazoea, kwa sababu maneno yale hayasemwi kwa wanaopewa Biblia.

"Mlango huu walifungiwa wazee wako," akasema, akakoma.

Baba alikuwa ameketi kwenye benchi la mashemasi, umbali wa hatua chache tu. Mama alimtazama. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Alonzo. Ulipokwenda pale ukumbini, ulifika wapi?"

Baba alisimama, kama mtu aliyeitwa mahakamani. "Mezani pa mapokezi."

"Wakakwambiaje?"

"Kama baba yangu si mwanachama, hata mimi siwezi kuwa."

"Sema, mzee," mtu akaitikia kutoka nyuma.

Mama aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba jibu limemtosha. Kisha akaligeukia kanisa. "Chuo anachokwenda Marquel, baba yake alisoma palepale. Babu yake pia. Ni chuo kizuri. Lakini mlango wake uko wazi siku nyingi, na mimi kila mwaka nasimama hapa nasema ulifungwa."

"Mmh," wakasema akina mama wa safu ya mbele. Shemasi Tolliver alikitazama kiatu chake.

Mama akairudisha Biblia mezani. Akauchukua mtandio wa mwisho, akaukunjua, na kwa kuwa ni mfupi ilibidi Ketura akunje magoti kidogo ndipo aweze kumvisha.

"Ingia," akasema.

Waliitikia kwa kuchelewa na bila kupatana, wengine wakitazama kwanza jirani. Mama hakuwasubiri wakae sawa. "Mwenye neno kuhusu kanuni anione jikoni," akasema kwenye kipaza sauti. "Sasa tuimbe."

Hakuna aliyekwenda jikoni kwa neno. Walikwenda kwa kuku wa kukaanga na makaroni ya jibini. Kijana wa jeshi la majini alikaa meza ya nyuma kama kawaida. Mama alimtazama kwa muda kutoka dirisha la jikoni, halafu akampelekea sahani mwenyewe. Kanuni nzima aliipeleka kwenye kikao cha kamati mwezi uliofuata, na bado wanabishana.

Ketura alipita karibu yangu akiwa na sahani ya pai ya pichi, nikamshika mtandio kuutazama. Jina lake lilikuwa pale, kwa uzi wa dhahabu. Chini yake hapakuwa na jina la chuo, palikuwa na safu za vitundu vidogo vya sindano, mahali ambapo herufi zilifumuliwa.

Nikamfuata mama penye sinki.

"Ulifumua lini?"

"Jana, ulipoondoka."

"Kwa hiyo ulikuwa umeshaamua."

"Sikuamua chochote. Nilifumua kwa sababu yalikuwa maandishi ya uongo, na sitaki uongo ulale nyumbani kwangu. Kuamua niliamua palepale mbele." Akanipa sufuria nifute. "Na bado nasema chuo kingekuwa bora. Usimwambie nimelegea."

"Sitamwambia."

"Maneno niliyasema mwenyewe miaka yote, Lavinia. Ama yana maana ama hayana."

Tulirudi nyumbani kwa gari moja. Mama alikaa mbele na kofia yake mapajani. Hakumsemesha Ketura, naye Ketura hakumlazimisha. Mtandio alikuwa bado ameuvaa. Tulipopita karibu na reli, baba aliniomba nipunguze mwendo. Ukumbi ulikuwa umefungwa, ni Jumapili. Jengo la matofali, bendera, mlango wa kioo.

"Pale ndani pakoje?" baba akauliza.

Ketura alimsogelea, kidevu chake kikawa karibu na bega la babu yake. "Ukipita mapokezi kuna korido. Mkono wa kulia darasa. Mkono wa kushoto karakana, ndefu, ina meza za kufanyia kazi ukutani mpaka mwisho."

"Ngapi?"

"Sikuhesabu, Babu."

"Jumatatu hiyo ukifika, hesabu."

"Na ukirudi nyumbani, buti zako," mama akasema bila kugeuka, "utazivulia nje."