Friji Yenye Kufuli

Waraka wa wizara ulikuwa mmoja kwa nchi nzima: mama akivuja damu baada ya kujifungua, achomwe sindano papo hapo. Mkoa wa jirani, nilikokuwa mkunga miaka sita, ufunguo wa friji ya sindano hizo ulikaa mfukoni mwa mkunga. Mkoa huu wakubwa waliona wakunga hatuaminiki. Wakatia friji kufuli, ufunguo wakampa daktari, na daktari mwenyewe ni mtu wa vikao. Tangu nihamishiwe hapa, miezi minane iliyopita, nililalamika mpaka wenzangu wakanibatiza Bi Kule Kwetu.

Asubuhi ile kitandani alikuwa wifi yangu, mke wa kaka. Mtoto alitoka salama, akalia, tukacheka.

"Pua ya kaka yako hiyo, wifi," alisema. "Mmeniharibia mtoto."

Kisha shuka likaanza kulowa.

Nilimkanda tumbo kwa nguvu zote, lakini damu haikukata. Muuguzi mwenzangu alimpigia daktari mara tatu. Alikuwa kikaoni wilayani, simu kazima.

"Mbona hunijibu utani wangu?" wifi aliuliza kwa sauti ndogo. "Nasikia baridi."

Hapo niliogopa kweli.

"Tumkimbize kule kwenu," muuguzi alisema. "Kilomita kumi na mbili tu."

"Atafika maiti."

"Ukivunja kufuli utafukuzwa, dada. Unajua."

"Njoo ukandamize hapa. Usiachie!"

Nilipachika chuma cha stendi ya dripu kwenye kufuli, nikavuta kwa hasira ya miezi minane. Mara ya tatu likaachia. Nikamchoma wifi pajani, nikarudi kumkanda. Dakika zile sitaki hata kuzikumbuka. Mwishowe tumbo likakaza chini ya kiganja changu, damu ikapungua, ikakata. Nililia bila haya.

Daktari aliingia saa nne na nusu, jasho likimtiririka. Alitazama friji, akamtazama wifi na mtoto kifuani, akanivuta pembeni. Si mtu mbaya.

"Sista, tuyamalize kimyakimya. Andika kwenye daftari la friji kwamba nilikuwepo, nikafungua mwenyewe. Nitasaini. Kufuli nitanunua jingine."

Nilishika kalamu. Wanangu wawili wanasoma kwa mshahara ule. Lakini daftari lile ndilo linalosomwa mkoani kila mwezi. Wangeona daktari alikuwepo, friji ikafunguliwa, mama akapona. Wangepongezana, na mama mwingine angevuja damu mbele ya kufuli jipya.

Niliandika jina langu lote. Saa tatu na dakika arobaini, kufuli limevunjwa. Kwenye nafasi ya aliyeidhinisha nikaandika: hakuna.

Daktari alisoma, akashusha pumzi. "Umejimaliza, Sista."

"Labda," nilisema, nikampa kalamu. "Sasa na wewe saini, Daktari. Andika na saa uliyofika."