Risasi za Karla

Tulipohama shambani kuja mjini, Orrin hakuuliza kitanda kitakaa wapi. Aliuliza meza yake itakaa wapi. Mume wangu amekuwa akitengeneza risasi zake mwenyewe tangu kabla hatujaoana, na hapa Montana wawindaji wengi hufanya hivyo wakati wa baridi.

Nilimpa chumba changu cha kushonea. Daktari alikuwa ameshatueleza kwamba kumbukumbu zitaendelea kumtoka, na kwamba hana dawa ya kuzirudisha. Nikaona afadhali mikono yake iwe na kazi inayoijua. Siku tulipokipanga chumba nilimshukuru Mungu, maana alinikosoa kama zamani.

"Zulia litoke," alisema. "Baruti ikimwagika humo huwezi kuiokota yote."

"Ni zulia la mama yangu, Orrin."

"Mama yako hakunipenda, na zulia lake halinipendi. Litoe."

Meza tuliikaza kwa boliti kwenye nguzo za ukuta, kwa sababu mkono wa mashine yake ya kushindilia risasi kwenye maganda ukivutwa, meza isiyokazwa hucheza. Alichagua ukuta ulio mbali na jiko la kupashia nyumba joto. Baruti aliiweka kwenye kabati moja, fataki za kuiwashia kwenye jingine, na taa juu ya mizani. Kisha akanisomea sheria yake, ambayo naijua kama sala ya Baba Yetu. Mezani uwepo mkebe mmoja tu wa baruti, na jina lake libandikwe kwenye kipimio, kile chombo kinachoipima kabla haijaingia kwenye ganda. Ukiwa na shaka, usibahatishe. Kaimwage kwenye majani, nayo majani yatanawiri.

Tena kwetu mtu hapigi risasi iliyotengenezwa na mtu mwingine. Orrin husema ni kama kuvaa meno ya bandia ya jirani. Anayepiga za Orrin ni binti yetu Karla peke yake, tangu alipokuwa msichana. Kila msimu wa kuwinda ukiisha humrudishia baba yake maganda matupu ya shaba. Orrin huyakagua, huyasafisha, na kuyajaza upya. Kila ganda lina alama yake nyekundu kitakoni, kwa hiyo huwezi kumletea la dukani ukasema ni lake.

Wiki ya kufunguliwa msimu nilimpelekea kahawa. Juu ya meza palikuwa na mikebe miwili ya baruti, yote wazi. Mmoja ni wa bastola, huwaka upesi. Mwingine ni wa bunduki ya Karla, huwaka taratibu. Kipimio kilijaa, na hakikuwa kimebandikwa jina. Pembeni risasi zilizokwisha kushindiliwa zilikuwa zimejipanga ndani ya boksi, safi kama vijiko vya harusi.

"Orrin, ndani ya kipimio kuna nini?"

"Baruti. Ulidhani sukari?"

"Ya mkebe upi?"

Aligusa mmoja. Akaugusa wa pili. Nilimwona usoni anatafuta, kama mtu anayepapasa swichi katika nyumba ya wageni. "Ya Karla," alisema mwishoni, akanigeuzia mgongo.

Baruti ya bastola ikijazwa kwenye ganda la bunduki ile, bunduki hupasuka mbele ya uso wa mpigaji. Hilo alinifundisha yeye mwenyewe. Niliomba nikiwa nimesimama pale na kikombe mkononi. Niliomba aisahau meza hii kama alivyosahau mengine, halafu nikaona haya mbele za Mungu kwa kuomba hivyo.

Karla alikuja kula Ijumaa. Orrin alimwekea boksi kando ya sahani.

"Safari hii usiniaibishe," alimwambia. "Mwaka jana ulikosa kulungu mkubwa kama ghala."

"Alikuwa anakimbia, baba."

"Ghala nalo lingekimbia ukilielekezea bunduki."

Karla alicheka, akalitia boksi mfukoni. Nilimfuata hadi kwenye gari lake, nikamweleza kuhusu mikebe.

"Nitanunua za dukani," alisema.

"Na maganda? Atayadai."

"Nitamwambia sikuona mnyama."

"Na meza? Keshokutwa ataketi tena."

"Mama, unataka nikaing'oe? Nenda basi kamwambie wewe."

Hakuna aliyekwenda. Tulishikana mikono tukaomba kando ya gari, maneno machache tu, kwa sababu hatukujua tuombe nini hasa.

Jumamosi Karla alimpiga kulungu dume mwenye pembe pana, wa kwanza kwa miaka mingi. Nyama aliificha kwenye friza ya jirani yake. Baba yake, ambaye angemtangaza kanisani kabla mchungaji hajafungua kinywa, hakuambiwa. Jumapili Karla alikuja na lile boksi, zima.

"Sikuona kitu, baba. Sikupiga hata moja."

Orrin alilifungua. Alichukua risasi moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama ile alama nyekundu kwa muda mrefu.

"Nani katengeneza hizi?" aliuliza.

Karla alinitazama. Nami nikatazama kikombe changu.

"Amekupa mtu?"

"Ndiyo, baba," Karla alisema polepole. "Nilipewa na mtu."

"Na wewe ukazipokea?" Sauti yake ilikuwa ya yule baba wa zamani, kali na yenye upendo. "Nimekufundisha nini mimi? Hujui alikuwa katika hali gani alipokuwa anazijaza. Hujui alitia nini."

"Ni kweli, baba. Sijui."

"Hizi hazipigwi. Lavonne, ziondoe hizi humu ndani."

Nililichukua boksi. Nikalikumbatia kifuani. Orrin alikuwa ameshainuka kitini. Alimpigapiga Karla begani kwa upole alipompita.

"Usijali, binti yangu. Baba yako yupo. Nitakutengenezea nyingine sasa hivi."

Tukasikia taa ya chumba cha kushonea ikiwashwa, kisha mlango wa kabati, kisha mfuniko wa mkebe. Tukasubiri, mimi na Karla, tusikie kama atafungua wa pili.