Waliopona Pujini

Mwanaasha alikuwa ndani ya eda, kwa hiyo Hija Ngwali hakuuona uso wake. Aliketi barazani, na sauti ya mjane ikamjia kutoka nyuma ya pazia la mlango.

"Pole kwa msiba, Bi Mwanaasha."

"Tushapoa. Weye ndo yule wa gazeti?"

"Ndiye mie. Natoka Unguja, lakini kwetu Shumba."

"Basi kama umekuja kuandika mumiani, rudi kwenu."

Mhariri wa Hija, Bwana Mmanga, alikuwa amemtuma kwa ajili hiyo hiyo. Mwaka ulikuwa 1959, na habari zilizofika Unguja zilisema kuwa Pujini, kisiwani Pemba, kuna mumiani wanaonyonya watu damu. Tangu mavuno ya mpunga walikuwa wamekufa wanaume wanne, wote wachumaji karafuu waliotoka bara, wasio na ukoo kisiwani wa kuwapigia kelele. Wa mwisho alikuwa Jaribu, mume wa Mwanaasha.

"Watu wa kambi ya Wazungu walinletea Jaribu keshakafiniwa," alisema Mwanaasha. "Wakasema moyo umesimama, nisimfungue, azikwe tu. Nikawaambia, mume wangu hendi kwa Mola wake hajaoshwa. Nikafungua. Ana mshono toka chini ya mbavu mpaka chini ya kitovu. Hebu nambie weye uliyesoma, mumiani gani anashona?"

Kambi yenyewe ilikuwa ukingoni mwa bonde la mpunga, nyumba mbili za mabati na hema moja. Wataalamu wa Kizungu waliifungua ili kutafuta dawa ya kichocho. Mkubwa wao, Daktari Lorne, alikuwa mtu mpole mwenye Kiswahili safi cha kusomea vitabuni. Alimmiminia Hija chai kwa mkono wake, na hakukana kitu.

"Niliwapasua, ndiyo. Walikufa kwa ugonjwa wa moyo, na sheria inaniruhusu kutafuta sababu." Akakoroga chai yake. "Bwana Hija, ulipokuwa mdogo ulikojoa damu?"

"Nilikojoa."

"Na mama yako?"

"Alilia."

"Karibu kila mama wa bonde hili analia. Mimi nina dawa ya kuwanyamazisha. Liandike hilo."

Hija alitoka akijionea haya, kwa sababu maneno yale yalimwingia. Alikuwa amefika penye barabara ya Chake aliposikia mtu anamfuata mbio. Alikuwa Mabruki, msaidizi wa kambi, aliyekuwa akiwadunga watu sindano.

"Kakwambia walikuwa wagonjwa?"

"Kasema moyo."

"Walikuwa wazima. Wote wanne walishapona. Ndiyo sababu."

"Sababu ya nini?"

Mabruki alitazama nyuma, kisha akasema haraka haraka. Mtu akipona, mkojo wake husafika, lakini daktari hajui kama minyoo imekufa yote au imekimbilia kwenye ini ikajificha. Kujua lazima alitazame ini lenyewe, na ini la mtu aliye hai halitazamiki. "Basi humwita aliyepona, akamwambia njoo, sindano ya mwisho. Sindano hiyo si dawa."

"Nani humdunga?"

"Mie." Mabruki akaificha mikono kwapani. "Mwanzo sikujua. Kisha nikajua, na Jaribu nikamdunga vile vile. Niliogopa."

Hija alitamani kumpiga ngumi ya uso. Badala yake akamwuliza kama atayasema hayo mbele ya polisi.

"Ntasema. Na gazetini ulitie jina langu. Ukiandika bila jina watasema mumiani, watacheka. Lakini tufanye hima. Kesho kaitwa mwengine, Matano."

Matano walimkuta bondeni, magoti ndani ya tope, akilima. Alikuwa kijana mpana wa kifua, na alicheka walipomweleza.

"Mie nilikuwa hata jembe silinyanyui," alisema. "Mzungu yule kanirudishia nguvu zangu. Babangu hakunifanyia hivyo. Na weye Mabruki si ndiye ulonidunga siku zote? Leo imekuwaje?"

"Nakwambia usende, Matano."

"Mmegombana nyie. Msinitie mie."

Hija alimshika mkono. Matano akajinasua bila hasira, akaendelea kulima.

Asubuhi wakawa kituo cha polisi Chake. Ofisa wa Kizungu alimsikiliza Mabruki mpaka mwisho, akasema jambo hili ni kubwa kuliko yeye, akatoka kwenda kuuliza wakubwa zake. Wakangoja kwenye benchi. Hija alimwomba askari wa zamu apeleke angalau mtu mmoja kambini; askari akajibu kuwa hana amri. Adhana ya adhuhuri ikapita. Alasiri ofisa alikuwa bado hajarudi, lakini habari zilifika. Motakaa ya kambi ilikuwa imempeleka Matano nyumbani, amekafiniwa.

Mabruki alitoka nje. Hija alibaki kwenye benchi. Hasira yake haikuwa na mahali pa kwenda.

Bwana Mmanga aliichapa habari yote, na jina la Mabruki likiwamo. Juma lile gazeti liligombewa sokoni. Kwenye mikutano ya siasa wengine walisema hao ni watu wa bara, hawatuhusu. Wengine waliyapigia makelele majina ya marehemu mpaka sauti zikawakauka, na hapana hata mmoja wao aliyefika Pujini kuwapa mkono wa rambirambi wajane. Serikali ikatangaza uchunguzi. Siku hiyo hiyo Daktari Lorne akapanda ndege kwenda kwao, ikasemwa amekwenda likizo. Wenzake wakafunga kambi, wakamfuata.

Mahakamani alisimama Mabruki peke yake.

Ushahidi mkubwa dhidi yake ulikuwa habari ya Hija. Mwendesha mashtaka aliisoma sentensi baada ya sentensi, kisha akamwita mwandishi mwenyewe kizimbani.

"Mshtakiwa alikuambia kuwa aliwadunga marehemu?"

"Aliniambia, lakini aliniambia pia—"

"Ndiyo au siyo?"

Hija alimtazama Mabruki. Mabruki akaitikia kwa kichwa, kama anayemwambia mwenzake asichelewe.

"Ndiyo," alisema Hija.

Kifo cha Matano, aliyekufa Mabruki akiwa kituoni mchana kutwa, hakikuguswa. Walisema kile kilikuwa cha moyo kweli. Mabruki alinyongwa Unguja mwaka uliofuata.

Hija alivuka tena kwenda Pemba kumwarifu Mwanaasha. Eda ilikuwa imekwisha zamani, na kwa mara ya kwanza alimwona uso. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alikuwa akimenya muhogo, binti yake Time amemlalia ubavuni.

"Alikuja hapa kabla hawajamkamata," alisema Mwanaasha aliposikia habari ya Mabruki. "Akapiga magoti hapo nje, akataka radhi. Sikumpa. Nlisema angoje, moyo wangu upoe." Akaweka kisu chini. "Sasa ntampa nani?"

Mwanaasha akafungua pindo la kanga yake, akatoa kidonge cha manjano, akakiweka kiganjani ili Hija akione.

"Wamepita skuli wakigawa. Dawa ile ile, ila sasa ni ya kumeza. Mwalimu kasema imejaribiwa, haina madhara. Huyu anakojoa damu tangu mwezi wa Ramadhani." Sauti yake haikutetemeka. "Weye ndiye uliyeandika yote. Nimpe, nisimpe?"

Hija alimtazama mtoto, macho makubwa, shingo nyembamba.

Mwanaasha alingoja jibu. Alipoona halitoki, aliteka maji kwa kata, akamwinua Time, akamwambia ameze. Mtoto alimeza akakunja uso. Mama yake akamfuta mdomo kwa kanga. Kisha akamwambia Hija aende zake, na asije tena.