Wageni Wasisikie Baridi

Kwa wiki tatu Arlène alikuwa amewaomba majirani wa ghorofa ya tisa, ya juu kabisa, jambo moja tu: Jumanne, wageni wakija, mtu asiwashe hita.

"Hata ile ndogo?" aliuliza Tantine Célestine.

"Hata ile ndogo, Tantine. Hata pasi."

Tantine, fundi cherehani aliyemlea Arlène tangu Lubumbashi, alitikisa kichwa kukubali huku amebana pini midomoni. Mtu mwenye pini midomoni hawezi kuahidi kitu. Arlène alipaswa kuliona hilo mapema.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Serikali kuu ilikwisha kuweka kanuni ya kuzuia majengo mapya yasipoteze joto ovyo, lakini majengo makuukuu ya mtaa wao wa Berea yalibaki kama yalivyo. Sasa jiji lilikuwa limeandika rasimu ya sheria ndogo yake, na kifungu cha saba kilisema kwamba nyumba yoyote ya kupangisha ikibadilishwa paa, lazima iwekewe juu ya dari tabaka la kuzuia joto lisitoke. Kabla baraza halijapiga kura, kamati ya madiwani ilikuwa ikikusanya maoni. Wenye majengo wakaandika kwamba kifungu hicho kifutwe: fleti hizo zina watu wengi, zinajipasha zenyewe.

Arlène, aliyemaliza shahada ya ujenzi katika chuo cha Doornfontein miezi saba iliyopita na bado aliamini kwamba barua nzuri husomwa, aliandika kurasa kumi na moja za kukitetea. Ajabu ni kwamba zilisomwa. Kamati ikajibu: tutakuja kuona.

Paa la jengo lao lilikuwa libadilishwe Septemba. Kifungu kikifutwa, paa jipya lingewekwa juu ya dari ile ile tupu, na nani angelifungua tena kabla ya miaka ishirini? Chumba cha Tantine kilitazama kusini, na jua la Julai, mwezi wa baridi kali, halikukijua kabisa. Kila majira ya baridi vidole vyake viligoma, na wateja wakapeleka vitenge vyao kwingine.

Jumanne saa moja asubuhi Arlène alipima chumba. Nyuzi tisa. Alikaribia kulibusu lile pimajoto. Kisha akashuka ghorofa zote tisa kwenda kuwapokea wageni kwenye robot, zile taa za barabarani za kona.

Walikuja watatu: mwanamke mnene mwenye daftari, ndiye diwani Refilwe; karani wake; na Viljoen, wakala wa mwenye jengo, aliyevaa koti refu la sufu. Walipanda wakihema. Arlène akafungua mlango, na joto likampiga usoni kama la tanuri la mkate.

Hita sita! Zilikuwa zimeazimwa kutoka ghorofa tatu, zimepangwa ukutani kama bibi harusi na wasimamizi wake. Jirani yao Khatibu, Mtanga muuza kahawa, alikuwa ameketi katikati ya vikombe, kanzu imepigwa pasi. Tantine alivaa libaya, blauzi yake ya Pasaka.

"Tantine!" Arlène alinong'ona kwa Kiswahili. "Tulikubaliana nini?"

"Wageni waingie kwangu watetemeke? Halafu Lubumbashi wasikie? Non, ma fille. Uso wangu nitauficha wapi?"

"Binti, hata mimi nilimwambia," alisema Khatibu. "Nilimwambia huku nabeba hita."

Viljoen alivua koti mwenyewe, akatabasamu. "Ningehamia hapa," alimwambia diwani kwa Kiingereza. Diwani alitazama pimajoto, akaandika: 24. Arlène aliiona ile namba ikikauka kwenye karatasi pamoja na kurasa zake kumi na moja.

Tantine, yeye, alikuwa ameliona koti. "Kifungo hiki kinaning'inia. Mgeni wangu hatoki hapa hivyo." Akalichukua kabla Viljoen hajaelewa, akaketi nalo. "Khatibu, waongezee kahawa! Arlène, waulize, chai pia watakunywa?"

"Chai itakuwa vizuri," alisema Viljoen, ameridhika na dunia.

Tantine akanyoosha mkono, akachomeka birika la umeme.

Pa!

Hita zote sita zikafumba macho yao mekundu.

"Eish," alisema diwani. "Swichi iko wapi?"

"Chini, kwenye sanduku lililofungwa," alijibu Arlène. "Ufunguo hukaa ofisini kwa Bwana Viljoen."

Wote wakamgeukia. Viljoen akapiga simu. Ufunguo ulikuwa na mtu, mtu huyo alikuwa Soweto, na huko Soweto alikuwa kwenye foleni. Angekuja.

Tantine hakukubali mtu aondoke bila kula. Wali ulikuwa haujaiva na ukawa hautaiva, ila mikate ya kukaanga ilikuwepo. Wageni wakala. Dakika ya kumi, pimajoto lilisema ishirini. Dakika ya ishirini na tano, kumi na sita. Joto lilipaa kupitia dari kana kwamba limeitwa nyumbani. Karani akaketi juu ya mikono yake. Viljoen alitazama koti lake.

"Bado kidogo," alisema Tantine.

Ila sindano ilianguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Mara ya tatu aliulenga uzi kwenye tundu na uzi ukapita pembeni, na vidole vyake, vyeupe nchani, havikujua kwamba vimekosa. Hapo hakuna aliyecheka. Hata Khatibu alishusha kikombe.

"Kila siku huwa hivi?" diwani aliuliza.

Arlène alitafsiri. Tantine alifikiri. "Mwambie, hapana. Jumapili sishoni."

Diwani akafungua daftari. Chini ya ile 24 akaandika saa na dakika, na 13. Kalamu ilimteleza mara mbili. "Dari hii hii?" alimuuliza Viljoen. "Ndiyo hii inayojipasha?"

Viljoen alikunja mikono kifuani. "Hilo tabaka," alisema polepole, "huwa lina unene gani?"

Arlène alimweleza, mpaka sentimita, mpaka ufunguo ulipofika.

Baraza lilipiga kura mwishoni mwa Agosti. Kifungu cha saba kilibaki, kimepunguzwa maneno, lakini kilibaki. Usiku huohuo Arlène aliketi kitandani kwa Tantine.

"Niambie ukweli. Hukujua kwamba hita sita na birika haviwezi kuwaka pamoja? Miaka kumi na moja hapa?"

Tantine alitia pini moja mdomoni, halafu ya pili.

"Mimi wageni niliwapa joto," alisema kwa taabu. "Baridi ilikuwa ya mwenye nyumba."