Mwenzangu Ameshindwa

Kiwandani walimwita Wembe. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ndiye anayesimamia mashine ya kukatia karatasi, na hakuna aliyewahi kuona mzigo uliopita mikononi mwake ukatoka upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Kwa wakwe zake hakuwa na jina. Wifi yake, dada mkubwa wa mume wake, alipomtaja mbele ya watu alisema "huyu wa mdogo wangu", kama mtu anayeonyesha mwavuli uliosahauliwa mlangoni.

Wifi alikuwa mwalimu wa michezo, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye filimbi shingoni hata siku za mapumziko. Mara tatu alikuwa ameingia mbio za baiskeli za milimani, kilometa mia na sitini kwa siku moja, wawili wawili, na mara zote tatu hakumaliza. Lawama zilikuwa za mwenzake kila mara. Wa kwanza alikuwa mvivu. Wa pili tumbo lilimsokota. Wa tatu aliogopa mteremko. Mwaka wa nne akaamua kumchukua mdogo wake, mume wa Wembe, fundi bomba, mtu mpole asiyejua kumkatalia dada yake kitu. Miezi mitano kabla ya mbio fundi akateleza juu ya vigae vya bafu la mteja, akavunjika mkono.

Wifi alikuja kumjulia hali akiwa na mama yao. Alikaa ukingoni mwa kochi na kuutazama ule mkono uliofungwa plasta kama anayetazama baiskeli iliyoharibika.

"Mwisho wa kubadilisha majina ni Ijumaa," alisema. "Sasa nani mwingine humu anaweza kuendesha?"

"Mke wangu huenda kazini kwa baiskeli kila siku," mume akasema. "Kwenda na kurudi, kilometa ishirini na mbili."

Wifi akachekea puani. "Kwenda kazini. Mdogo wangu, hata muuza mkaa huenda kazini kwa baiskeli."

Wembe alikuwa anakusanya vikombe. Aliviweka chini tena, kimoja kimoja.

"Andika jina langu," alisema.

"Wifi, hili si jambo la kujaribu," dada mtu akamwambia.

"Nimekusikia. Andika."

Hakuwa na hamu yoyote na milima. Miaka minane ya ndoa alikuwa amemkaribisha mwanamke yule, amempikia, amemsindikiza hadi barabarani, na hakuambulia asante hata moja. Sasa alikuwa na kitu ambacho wifi anakihitaji, na alitaka kuona uso wake utakaaje.

Uso haukubadilika. Jumanne iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, walianza mazoezi kwenye kilima chenye minara ya simu, barabara ya mawe na mchanga inayopanda kilometa mbili bila kupumzika. Kupanda mara nane, kushuka mara nane. Mara ya tatu Wembe aliteremka akatapika kando ya njia. Wifi alisimama juu yake, mguu mmoja ardhini, saa mkononi.

"Ukimaliza kutapika zimebaki tano," alisema. "Na acha kukanyaga kama unashona kwa cherehani."

Jioni ile ujumbe wa wifi uliingia kwenye kundi la ukoo kwenye simu: Mgonjwa wetu leo kasimama mara nne. Mama mkwe alijibu kwa vikatuni vinne vya kucheka. Binamu mmoja akauliza kama kuna haja ya kuandaa machela. Mume wa Wembe aliusoma, akaiweka simu kifudifudi mezani.

Ikawa hivyo kila wiki. Jumanne na Alhamisi kilima, Jumamosi safari ndefu ya saa tano, kisha sita, kisha nane. Kiwandani miguu ilimcheza. Kisu cha mashine yake hakishuki mpaka mtu abonyeze vitufe viwili kwa mikono yote miwili, lakini msimamizi alikuja kusimama nyuma yake hata hivyo.

"Wembe, leo unatetemeka. Nikuweke kwenye kuhesabu?"

"Nitatetemeka hapa hapa."

Katika safari zile wifi hakula kitu. Alikuwa na majivuno ya ajabu juu ya jambo hilo. Alisema kula njiani ni kazi ya abiria. Wembe alibeba tende na viazi vilivyochemshwa kwa chumvi, na kila alipofungua mfuko wake alisikia kejeli. Alitafuna huku akisikiliza.

Wiki ya kumi na moja tairi lake la nyuma lilipata pancha wakiwa mbali sana na mji, kwenye msitu wa miti ya mbao. Pampu na tyubu za akiba zilikuwa kwenye mkoba wa wifi, ambaye alikuwa mita hamsini mbele. Wembe alimwita. Wifi aligeuka, akamwona ameshuka, akaliona tairi limelala. Kisha akageuza uso akaendelea kukanyaga. Hakuwa amekosea kuona. Macho yao yalikutana.

Wembe aliisukuma baiskeli kilometa kumi na saba. Viatu vya mbio havikutengenezwa kwa kutembea, na alipofika nyumbani kisigino kimoja kilikuwa kimechunika hadi nyama. Sebuleni alimkuta wifi ameshaoga, anakunywa chai na mama mkwe.

"Pole, mkwe wangu," mama mkwe alisema. "Tumesikia umekata tamaa njiani. Si kosa, kila mtu na nguvu zake."

Wembe alimtazama wifi. "Umemwambia nini?"

"Nilichokiona."

"Pampu iko kwenye mkoba wako."

"Mwendesha baiskeli hubeba pampu yake," wifi akasema, akapuliza chai.

Chumbani, mume alimletea beseni la maji ya uvuguvugu, akaliweka miguuni pake kwa mkono wake mmoja mzima. "Achana naye," alisema. "Ndivyo alivyo tangu utotoni."

"Na wewe ndivyo ulivyo," Wembe akamjibu. Walikaa siku nne bila kuambiana lolote zaidi ya "chumvi iko wapi" na "simu yako inaita".

Kuanzia hapo hakuenda tena mazoezini kumfurahisha wala kumuudhi mtu. Alinunua pampu na tyubu mbili. Alikwenda kwa fundi baiskeli wa mtaani akamwomba amfundishe, na kila jioni kwa wiki nzima alikaa sakafuni jikoni, gurudumu mapajani, akitoa na kurudisha tairi mpaka ikawa dakika sita, mikono imejaa grisi. Jumapili, ambayo kwenye ratiba ya wifi ilikuwa siku ya kupumzika, alipanda peke yake milima ya upande wa machimbo ya kokoto. Hakumwambia mtu. Jumamosi alikaa nyuma ya wifi kama kawaida, akasikia matusi kama kawaida, na akaanza kuona kitu ambacho hakukiona mwanzo: baada ya saa ya sita, wifi huzidisha matusi na hukanyaga kwa nguvu pungufu.

Siku ya mbio walianza saa kumi na mbili asubuhi, watu mia tatu na ushei, kwenye ukungu. Sheria ilikuwa rahisi. Wawili wa timu wasitengane zaidi ya dakika mbili, na wote wawili wafike kabla ya saa kumi na mbili jioni. Wifi alitoka mbio kama aliyeibiwa. Kilometa mia za kwanza alikuwa mbele, akigeuka kila mara kupiga kelele: kanyaga, kanyaga, unaniangusha. Wembe alikula tende. Kilometa ya mia na tano alimfikia. Ya mia na kumi alimpita, na hakusikia neno nyuma yake.

Kituo cha tatu kilikuwa kilometa ya mia na kumi na nane, hema la turubai na mapipa ya maji chini ya mlima wa mwisho. Wembe alifika kwanza, akaenda moja kwa moja na baiskeli yake kwenye mapipa nyuma ya hema kujaza chupa. Timu huandikwa wawili wakiwa pamoja, hivyo hakuwa na haraka ya kujionyesha mezani. Alikuwa anafunga kifuniko aliposikia baiskeli inaangushwa, kisha kiti cha plastiki kinalalamika.

"Mwalimu," ilisema sauti ya mwandishi wa kituo, mzee mwenye koti la mvua. "Tena hapa hapa?"

"Mwenzangu ameshindwa," wifi akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, imekauka. "Yuko huko nyuma, amekaa chini analia. Sheria hairuhusu niendelee peke yangu."

"Pole. Kama mwaka jana."

"Kama mwaka jana."

"Na mwaka juzi, nadhani."

Wembe alizunguka hema akiwa na chupa mkononi. Wifi alikuwa ameinamisha kichwa magotini, mapaja yanaruka yenyewe kama kuna mnyama chini ya ngozi. Mzee alikuwa ameshafungua kalamu.

"Nani analia?" Wembe aliuliza.

Wifi aliinua uso. Ulikuwa wa kijivu. Mzee akawatazama wote wawili, akaelewa, akajitia kutafuta kitu kwenye karatasi zake.

"Nilidhani umeshapita kituo. Mwambie umechoka," wifi alinong'ona. "Miguu yangu imekufa. Mwambie tu. Wewe hupotezi kitu, hakuna anayekutazama. Mimi nina shule nzima."

Wembe alikuwa amejiandaa kwa matusi, lakini si kwa hili. Kumbe hapakuwahi kuwa na mvivu, wala tumbo, wala mwoga wa mteremko. Alihisi hasira ikimpanda taratibu, ya baridi, isiyotetemesha mkono.

"Bwana mkubwa," alimwambia mzee, "tuandike. Wote wawili, saa nane na dakika kumi mchana. Tunaendelea."

Mzee akaandika.

"Sitainuka," wifi akasema.

"Utainuka. Ukibaki hapa leo utabaki kwa jina lako, si langu. Nitasimama pale mwisho nimwambie kila atakayeuliza." Akatoa mfuko wa viazi, akamtupia mapajani. "Kula."

"Sili."

"Basi mwambie huyu mzee ukweli, nami nitatafuta usafiri wa kurudi."

Wifi alikula. Alikula huku machozi yanamtoka kwa ghadhabu, chumvi juu ya chumvi, na Wembe alisimama pale mpaka kiazi cha nne kikaisha.

Mlima wa mwisho ulikuwa kilometa kumi na moja. Walipanda zaidi ya nusu yake kwa miguu, wakisukuma. Wifi alipobaki nyuma, Wembe alisimama, akatazama saa, akamsubiri hadi dakika moja na nusu, akaondoka tena kabla hajamfikia vizuri, ili asipate kupumzika. Alijua ni ukatili. Alijua pia kwamba anaufurahia, na furaha ile ilimtisha kidogo, lakini hakuiacha.

"Nakuchukia," wifi alisema karibu na kilele. Hakupiga kelele, alitoa taarifa.

"Najua. Sukuma."

"Tangu siku ya kwanza alipokuleta nyumbani."

"Hilo nalo najua. Sukuma, wifi."

Wakati wa kushuka mikono ya wifi ilikataa kushika breki sawasawa, akaingia mtaroni akachubuka kiwiko. Wembe alirudi, akamshika chini ya kwapa kumwinua. Wifi aliusukuma mkono wake. Akainuka mwenyewe, mara ya tatu ya kujaribu, akapanda.

Walivuka mstari saa kumi na moja na dakika arobaini na moja jioni, timu ya kumi na tatu kutoka mwisho. Mama mkwe alikuwa pale na kanga begani, akamkumbatia binti yake, akamfuta tope usoni.

"Mwanangu, umembeba mwenzio mpaka mwisho," alisema. "Nilijua tu."

Wifi alikuwa anatazama medali kifuani mwake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Wembe alisubiri. Mume wake, ambaye mkono ulikuwa umeshatoka kwenye plasta, alimtazama mkewe, kisha dada yake, akakohoa.

"Dada," alisema, "nilikuwa pale kwenye kona ya mlima tangu saa tisa, nikawatangulia hapa kwa pikipiki. Nimeona nani alikuwa anamsubiri nani. Mwambie mama."

"Nimechoka," wifi akajibu. "Nipelekeni nyumbani."

Hakusema, na hajasema hadi leo. Wiki tatu baadaye alikuja kiwandani, akasimama mbele ya mashine mpaka Wembe akaizima.

"Mwakani wanafungua majina mapema," wifi alisema. "Tumeshajuana. Tunaweza kupunguza saa nzima."

"Nitaingia mbio za mtu mmoja mmoja."

"Peke yako?" Wifi akatabasamu upande. "Bila wa kukusukuma utakaa njiani."

"Labda."

"Utakuja kuniomba."

Wembe alipanga karatasi mpya kwenye mashine. Wifi alikitazama kisu kilichoinuliwa, kisha akatoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hakanyagi nyumbani kwa mdogo wake. Mama mkwe anasema Wembe ameutenga ukoo. Kila Jumamosi Wembe hutoka saa kumi na moja alfajiri kuelekea machimbo ya kokoto, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuna anayemuuliza amesimama mara ngapi.