Kijiji Kilichojaa

Katika ukoo wa Apolinaria Kasanda, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda ndege. Babu zake walikwenda pwani kwa miguu, pembe za ndovu begani, wakarudi na nguo na maneno mapya. Yeye alikwenda Ulaya ya Mashariki kujifunza kukata na kuunga filamu, akarudi Tabora mwaka 1973 na cheti, mkasi mzuri, na koti zito ambalo hapakuwa na siku ya kulivaa.

Mwaka uliofuata alipewa wanafunzi wanne wa chuo kikuu waliokuwa wakisomea filamu na televisheni. Televisheni yenyewe huku bara haikuwapo. Walikuwa wameisoma kwa michoro ya ubaoni na wakafaulu vizuri. Muhula wa mwisho ulikuwa wa vitendo, nao waliufanyia mtaa wa Gongoni, katika godauni la zamani la nta. Meza ya kukatia filamu ilikuja kwa treni, ikawekwa katikati, na kila kitu kilichopita juu yake kilinuka asali.

Somo lilikuwa filamu ya kijiji kipya cha Tuinuane, upande wa magharibi, msituni. Mpiga picha alikuwa amekwisha kurudi na mikanda kumi na mmoja. Ilionyesha watu wameshushwa kwenye malori, nyumba zisizo na paa, dimbwi wanalonywea watu na ndama, na hotuba ya saa moja ya Ndugu Lugembe, katibu wa Kamati ya Picha za Maendeleo.

"Mtazameni huyu mama," Apolinaria aliwaambia wanafunzi. Kwenye kioo cha meza alionekana mwanamke wa makamo, mkono juu ya macho, akitazama mbali. "Fuatisheni sufuria ya ugali, watu watasema ana njaa. Fuatisheni jeneza, watasema amefiwa. Uso ni ule ule. Mnaoamua ni ninyi."

Kornel, kijana mwembamba aliyekuwa hodari kuliko wenzake, hakuandika neno. Aliutazama tu ule uso.

Filamu yao ya kwanza ilikuwa ya dakika tisa. Ndugu Lugembe alikuja kuiona, suti yake ya mikono mifupi imepigwa pasi ikakatika mistari. Taa zilipowashwa aliuliza, "Kijiji kiko wapi?"

"Ndicho hicho, Ndugu Katibu."

"Nimeona miti. Nimeona watu wamekaa chini. Zahanati iko wapi? Shule? Bomba la maji?"

"Havipo."

"Havipo vipi? Mimi mwenyewe nimeviandika kwenye mpango! Kitu kikishaingia kwenye mpango kipo, Mwalimu. Kilichobaki ni kukijenga tu."

Baadaye Apolinaria alikiri kwamba hakuna aliyemshurutisha kuvitafuta vitu hivyo kwingine. Alikuwa na meza nzuri na wanafunzi wenye akili, na mwisho wa muhula kulikuwa na somo gumu ambalo alikuwa hajalipatia mfano: jinsi ya kuunganisha vitu ambavyo havijawahi kuwa mahali pamoja. Sasa mfano ulikuwa umekuja wenyewe, tena umevaa suti.

Maji waliyapata mle mle mjini, mtaa wa Isevya, kwenye bomba la uani kwa Mzee Abasi muuza vyombo. Shule waliipata kwa watoto wa madrasa ya jirani, waliovuliwa kofia na kupigwa picha kwa nyuma. Zahanati ilikuwa Mwanne, msichana pekee kati ya wanafunzi wale, ndani ya koti jeupe lililoazimwa kwa kinyozi. Makofi yaliwasumbua, kwa kuwa Tuinuane hakuna aliyepiga makofi. Ndipo Kornel akagundua kwamba wakati wa hotuba watu walikuwa wakijipiga mabegani na mapajani kuua mbung'o. Alivikata vipande vile vifupi vifupi, akaviwekea sauti ya makofi ya mpirani. Umati mzima ukawa unashangilia.

Yule mama aliyetazama mbali, wakamfuatishia bomba la Mzee Abasi likimwaga maji.

"Vizuri mno," alisema Apolinaria, na moyo wake ulijaa fahari ya kweli. Usiku ule, hata hivyo, hakula.

Filamu ilionyeshwa mjini, na Ndugu Lugembe alilia machozi alipojiona. Hotuba yake ilikuwa imebaki sekunde arobaini. "Wameipunguza kidogo tu," alimwambia jirani yake. Kisha akaamuru Tuinuane nao wapelekewe, wayaone maendeleo yao.

Apolinaria na Kornel walikwenda na gari la sinema. Walionyesha mchana, ndani ya banda la kukaushia tumbaku, maana lilikuwa na giza la kutosha. Mkanda ulikwisha. Yule mama wa kwenye filamu alisimama. Jina lake lilikuwa Josepha, na alikuwa amehamishwa kutoka upande wa Usinge.

"Shikamoo, mama," alisema Apolinaria.

"Marahaba, mwanangu. Yule ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Nilikuwa nalitazama lori likirudi. Blanketi langu lilisahaulika humo. Sasa yale maji ninayoyatazama yako wapi?"

Apolinaria aliinamia mkebe wa mkanda. Kornel akajifanya anakunja waya.

Josepha hakukasirika. Aliwageukia wenzake akawaeleza jambo kwa Kinyamwezi, taratibu, nao wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Walikuwa wameelewa: Tuinuane ilikuwapo, ila dereva wa lori alikosea njia, akawashusha kwingine.

Siku tatu baadaye kaya thelathini na mbili zilifika mjini kwa miguu na vitanda, kuku na mawe ya kusagia, zikaketi mbele ya ofisi ya Kamati. Ziliomba kitu kimoja, kupelekwa kijiji cha kwenye filamu.

Ndugu Lugembe alisimama mlangoni. Akisema kijiji hakipo, filamu ni ya uongo. Akisema kipo, awapeleke. Alikohoa.

"Ndugu wananchi," alisema, "kile kijiji kimejaa."

Wakaandikishwa kwenye daftari la kusubiri nafasi. Habari zikaenea, na kabla ya Ijumaa watu wa vijiji vingine viwili walikuwa kwenye foleni. Ndugu Lugembe alipata barua ya pongezi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusikia watu wakiomba wenyewe kuhamia kijijini.

Apolinaria alishindwa kuvumilia. Alimwita Josepha godauni, akamketisha mezani, akamwonyesha kila kitu: bomba la Isevya, koti la kinyozi, mbung'o. Alisema, "Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyewafundisha."

Josepha aliuzungusha mkanda mbele na nyuma kwa mkono wake. Alipofika kwenye mbung'o alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo yeyote anaweza kuunganishwa na chochote?"

"Yeyote."

"Hata katibu?"

Kornel aliinua kichwa.

Siku ya mtihani walikuja wasahihishaji wawili kutoka chuoni. Ndugu Lugembe alikaa mstari wa mbele, mgeni rasmi. Josepha alikaa benchi la nyuma. Filamu ya Kornel ilikuwa ya dakika mbili. Ndama anakunywa dimbwini na kuchafua maji. Josepha anachota pale pale kwa kata. Bilauri inainuliwa. Ndugu Lugembe, jukwaani, anakunywa yote, anapangusa midomo na kusema, "Haya ndiyo matunda ya jasho letu!" Umati unashangilia.

"Uongo!" Ndugu Lugembe aliruka. "Maji yale nilitoka nayo nyumbani! Sijapata kunywa maji ya Tuinuane, wala siwezi!"

"Kwa nini, Ndugu Katibu?" Josepha aliuliza kwa upole.

"Kwa sababu… Vipande hivi vimeungwa!"

"Na vile vya kwanza?"

Msahihishaji mmoja aliandika kitu, akakifuta, akakiandika tena. Kornel alipewa alama za juu kuliko wote, na pembeni pakaandikwa kwamba asirudie.

Mji mzima ulijua kabla ya swala ya alasiri. Watoto wa Gongoni walimfuata Ndugu Lugembe na kata, wakimkaribisha maji. Alitafuta wachimba visima kwa bidii ambayo mpango haukuwahi kuipata. Walichimba Tuinuane mara mbili wakakuta mwamba. Mara ya tatu maji yakatoka, yana chumvi kidogo. Ndugu Lugembe aliyanywa mbele ya kamera, bilauri baada ya bilauri.

"Msikate!" aliamuru huku yakimtiririka kidevuni. "Ionyeshwe yote!"

Apolinaria hakukata hata kipande kimoja. Mwezi uliofuata alipata barua ya uhamisho: atafundisha ushonaji katika shule moja ya wasichana, kwa kuwa ana uzoefu wa mkasi. Alikwenda. Alikuwa kwenye somo la vifungo alipoletewa barua kutoka kwa Kornel. Ameajiriwa, aliandika, na Kamati ya Picha za Maendeleo. Ndugu Lugembe mwenyewe ndiye aliyemwomba, akasema kijana huyu ana kipaji cha hatari na ni afadhali awe ndani. Amepewa chumba na baiskeli. Je, Mwalimu anamshauri nini?

Apolinaria aliisoma mara mbili. Aliwaambia wasichana waendelee, akachukua karatasi, akaandika, "Mpendwa Kornel, hongera." Kisha akakaa na kalamu mkononi mpaka kengele ikalia.