Kichaka cha Kaburini

Ndama wa wifi wa mjane alikufa akiikimbia nuru. Macho yalikuwa ya manjano, ngozi ya pua imebanduka kama ganda la kitunguu, na jua likichomoza alijikokota kivulini. Bwana shamba alipoitwa, alifuata ukingo wa malisho mpaka kwenye kaburi la mume wa mjane, akakata tawi la kichaka kilichoota hapo. Shina la pembe nne lenye vimiiba, jani la kukwaruza. Akalifikicha, akanusa.

"Mama, mwuaji ndiye huyu. Ng'ombe akila majani haya, ini linakwisha. Nani alikipanda kichaka hiki hapa?"

Mjane alilijua jibu. Mumewe ndiye aliyekileta, kiwe uzio, mwaka waliooana. Alipozikwa, kila alipokwenda kumwombea, mjane alichomeka matawi mabichi ya uzio ule juu ya kaburi. Yalipochipua alimshukuru Mungu. Kisha vichaka vikaanza kuota alikozoea kupita marehemu: njia ya kisimani, chini ya dirisha la chumbani. Kila akisikia harufu kali ya majani yake, aligeuka akidhani ni mumewe.

"Ndege hula matunda, wakanya mbegu wanapotua," bwana shamba alisema.

"Kaka yangu hata kaburini hatulii," wifi alidakia. "Nimebakiwa na mama yake ndama tu, wifi. Tunang'oa, au tunamchimbia naye shimo?"

"Msikiguse," mjane alisema. "Nitang'oa mwenyewe."

"Ukikata tu, umekipogoa," bwana shamba alionya. "Toa mzizi. Na matawi yasilale kwenye udongo, yataota."

Hilo mjane alilijua kuliko wote.

Walipoondoka alisali, akamwomba mumewe radhi, akashika jembe. Mzizi ulishuka. Akaufuata kwa mikono mpaka udongo ukawa laini, ule uliowahi kuchimbwa. Hapo ukagoma. Alivuta, nao ukavuta.

"Niachie, baba watoto," alisema polepole. "Ng'ombe wa dadako atakufa."

Ukaachia.

Mvua zilipokuja, mama yake ndama alikuwa anacheua malishoni, mzima. Kaburi lilikuwa jeupe, halina hata jani. Asubuhi moja, chini ya dirisha, upande aliokuwa akilala mumewe, mjane aliona chipukizi. Alisimama nalo kitambo, kama mtu na mgeni mlangoni. Akalisalimu. Akaling'oa na mzizi wake kabla halijatoa ua, akaliweka juu ya jiwe likauke.

Mikono ikabaki na harufu. Hakuinawa mpaka alipoitwa kula.